Tunamcheka Mangungo, Tunamsifu Mirambo

Tarehe 23 Agosti 2024, katika eneo la Wedding jijini Berlin, vibao vya mtaa ulioitwa Petersallee, kwa jina la Carl Peters, Mjerumani aliyekusanya mikataba ya kuichukua nchi yetu, vilishushwa. Kipande kimoja cha mtaa huo kikapewa jina la Anna Mungunda, mwanamke wa Namibia aliyepigwa risasi Windhoek mwezi Desemba 1959 watu walipokuwa wakipinga kuhamishwa kwa nguvu kutoka makazi yao. Kipande cha pili kikaitwa Maji-Maji-Allee, kwa kumbukumbu ya vita vya 1905 hadi 1907 vilivyoiteketeza kusini ya nchi yetu. Miaka mitatu kabla ya hapo, mtaa mwingine wa Berlin uliobeba jina la Hermann von Wissmann ulikuwa umepewa jina la Lucy Lameck, mwanasiasa wetu wa Kilimanjaro. Na tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu wa watu wa pale.

Habari hizi zimepokelewa kwa namna mbili. Kule Ujerumani wapo waliolalamika kwamba historia inafutwa. Huku kwetu wengi tumeshangilia kuwa hatimaye Mzungu amekiri. Naona pande zote mbili zimeipita maana ya jambo lenyewe. Peters yumo vitabuni na atabaki humo, kwa hiyo hakuna kilichofutwa. Wala kibao cha Berlin hakikubadilishwa ili sisi tupate cha kushangilia. Waliokibadilisha walikuwa wakijibu swali lao wenyewe, swali ambalo kila jamii iliyowahi kuwa na wababe hufika siku ikalazimika kulijibu: je, mtu aliyejenga jina lake kwa damu ya wengine anastahili kupendwa na watu wa leo? Wao wamelijibu kwa Peters. Sisi hatujajiuliza kuhusu wa kwetu, na hoja yangu ni kwamba kutojiuliza huko kunatugharimu. Kila tunapomtukuza mshindi kwa sababu tu alishinda, tunajifunza kumdharau aliyeshindwa. Na sehemu kubwa ya waliotuzaa walikuwa upande wa walioshindwa.

Nianze na Peters, kwa kuwa kesi yake ni nyepesi. Alikuwa na umri wa miaka 28 alipovuka kutoka Unguja kwenda bara mwezi Novemba 1884. Kwa wiki chache alizunguka Useguha, Nguru, Usagara na Ukami akikusanya alama za wakuu wa vijiji juu ya karatasi. Tarehe 29 Novemba alikuwa Msovero, katika wilaya ya leo ya Kilosa, kwa mtu aliyemwandika kuwa "Sultani" Mangungo. Mkataba wa siku ile unaanza na urafiki wa milele, kisha unamfanya Mangungo aitoe nchi yake yote, na kila haki iliyomo, kwa chama cha Wajerumani cha kutafuta makoloni. Mwishoni pana sentensi ambayo kwangu mimi inatosha kuumbua mradi mzima: imeandikwa kwamba Mangungo, alipoulizwa, alisema hayuko chini ya Sultani wa Zanzibar, na kwamba hata hakujua kama Sultani huyo yupo. Usagara ni nchi ambayo misafara ya pwani ilikuwa imeipita miaka na miaka, ikienda na nguo na shanga, ikirudi na pembe na watu. Mkuu wa huko asiyejua kuwa kuna Sultani Unguja ni mtu asiyewezekana. Sentensi ile iliandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Berlin, ili Sultani huyo, Seyyid Barghash, asipate la kudai. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa, Kaizari akaitia nguvu mikataba hiyo kwa hati yake ya ulinzi.

Mwaka 1891 Peters alikuwa kamishna wa serikali huko Kilimanjaro. Mwishoni mwa mwaka huo alimnyonga mtumishi wake aliyeitwa Mabruk, na mwanzoni mwa 1892 akamnyonga msichana aliyeitwa Jagodja, ambaye alikuwa amemweka nyumbani kama kimada. Watu wa nchi walimwita Mkono wa Damu. Habari zilifika Ulaya. Mwezi Machi 1896 mbunge August Bebel alizianika mbele ya Bunge la Ujerumani, na mwaka uliofuata Peters akafukuzwa kazi kwa hukumu ya nidhamu. Namwomba msomaji alishike hili, maana nitalirudia: serikali ya kikoloni yenyewe, tena katika kilele cha ukoloni, ilimwona mtu huyu kuwa amevuka mpaka.

Sasa aliyefukuzwa mwaka 1897 alipataje mtaa? Aliupata mwaka 1939, miaka 21 baada ya kufa, kutoka kwa utawala wa Hitler. Utawala huo ulikuwa umekwisha kumrudishia heshima yake rasmi miaka miwili kabla, kwa kuwa ulihitaji babu wa kuhalalisha tamaa yake ya kuteka nchi za watu. Mwaka 1986, baada ya malalamiko, wakubwa wa eneo lile waliviacha vibao vilevile, wakatangaza kwamba kuanzia siku hiyo Peters anayekusudiwa ni Hans Peters, mwanasheria aliyewapinga Wanazi. Jina likabaki, maana ikabadilishwa kwenye mafaili. Ilichukua miaka mingine 38 kukubali kwamba mpita njia hasomi mafaili, anasoma kibao. Ndiyo maana wanaolia kuwa historia imefutwa wanaisahau historia ya kibao chenyewe. Petersallee ilikuwa inatusimulia mambo ya 1939 kuliko ya 1884. Sanamu na majina ya mitaa hueleza kwanza matamanio ya aliyeyaweka.

Tukilikubali hilo kwa Wajerumani, hatuna budi kulikubali kwetu. Majengo ya Benki Kuu ya Tanzania jijini Dar es Salaam yako Mtaa wa Mirambo. Tabora ina shule na kambi ya jeshi zenye jina hilohilo. Iringa ina Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, na kambi ya jeshi ya Lugalo jijini Dar es Salaam imepewa jina la mahali Wahehe walipowashinda Wadachi, yaani Wajerumani, tarehe 17 Agosti 1891. Mji Mkongwe wa Unguja, wageni hupelekwa Shangani kuonyeshwa nyumba ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Sisemi kwamba watu hawa wanalingana na Peters. Mirambo na Mkwawa walikuwa watemi katika nchi zao, hawakuletwa na meli ya kampuni ya ng'ambo, na tofauti hiyo si ndogo. Lakini wote walikuwa wateka nchi, na wote waliua watu wengi ambao kosa lao lilikuwa kuishi karibu nao.

Chukua Mirambo. Alitoka katika nyumba ya mtemi mdogo wa Uyowa, magharibi ya Tabora, na kufikia miaka ya 1870 alikuwa amezikusanya nchi nyingi za Wanyamwezi chini yake kwa jeshi la rugaruga, vijana waliokatika na koo zao na kuishi kwa kuteka. Mirambo ni jina la vita, na maana yake ni maiti. Tangu 1871 alipigana na Waarabu wa Unyanyembe, akaifunga njia ya Ujiji, na biashara ya pembe ikayumba mpaka Unguja. Stanley, ambaye mwaka huo alikuwa upande wa Waarabu, alikutana naye mwaka 1876 wakachanjiana udugu, na akamfananisha na Napoleon. Mmisionari Mwingereza aliyeishi Urambo, Ebenezer Southon, alimwona kuwa mtu mwenye akili na adabu. Yote haya ni kweli kwa pamoja. Alikuwa na kipaji cha kupanga watu. Aliijua thamani ya njia za biashara kuliko watemi wengi wa wakati wake. Na vijiji vilivyokataa kumtii vilichomwa. Alipokufa, tarehe 2 Desemba 1884, dola yake haikudumu, kwa kuwa ilikuwa imefungwa kwa mtu mmoja na kwa hofu ya mtu huyo. Ningependa tuiangalie tarehe hiyo vizuri. Ni siku tatu tu baada ya Mangungo kuwekewa karatasi mbele yake kule Msovero. Nitarudi kwa Mangungo.

Hoja nzito kuliko zote ya kuwatetea mashujaa hawa ni ya kitaifa. Wakoloni walipotufundisha historia walituambia kwamba kabla yao hapakuwa na kitu, palikuwa na makabila yanayochinjana hadi Mzungu alipoleta amani. Taifa la 1961 lilihitaji kujibu, na jibu lilikuwa Mirambo, Mkwawa, Mangi Meli, Kinjikitile: watu walioonyesha kwamba palikuwa na dola, palikuwa na mbinu za vita, na palikuwa na waliokataa. Naiheshimu hoja hii kwa moyo wote. Nilikariri majina hayo shule ya msingi, na sikumbuki kitu kingine katika vitabu vya miaka ile kilichonifanya nijione mtoto wa watu. Tena anayetaka wafutwe kwa kuwa mikono yao haikuwa safi, ajue kwamba pengine anaurudia wimbo wa zamani bila kukusudia. Mfalme Leopold wa Ubelgiji alihalalisha kuiteka Kongo kwa kudai kwamba anapambana na wauza watumwa, na yaliyowapata watu wa Kongo chini yake ni miongoni mwa maovu makubwa ya karne ile. Ukatili wa Mwafrika umetumika mara nyingi kuusafisha ukatili wa Mzungu. Mwandishi yeyote wa kwetu anayeligusa jambo hili lazima aliguse akilijua hilo.

Hata hivyo hoja hiyo inathibitisha jambo moja, kisha inatumiwa kutetea jingine. Inathibitisha kwamba watu hawa wanastahili kujulikana, na kwamba baadhi ya matendo yao yanastahili heshima. Haithibitishi kwamba ushindi wao wote ni wa kujivunia. Mkwawa ndiye anayelionyesha hili waziwazi. Kamanda wa Kijerumani, Emil von Zelewski, aliingia Uhehe akichoma vijiji njiani, na pale Lugalo aliangamia pamoja na sehemu kubwa ya msafara wake. Kalenga ilianguka mwishoni mwa Oktoba 1894, lakini Mkwawa aliwakwepa Wadachi hadi tarehe 19 Julai 1898, akajipiga risasi ili asishikwe. Kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, kikatajwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919, na fuvu likarudi mwaka 1954. Mtu aliyekataa kwa kiasi hicho anastahili heshima, nami siipunguzi hata chembe. Lakini hata pale Lugalo wengi wa waliokufa upande wa Zelewski walikuwa askari Waafrika na wapagazi, watu waliojitwisha mizigo kwa ujira. Majina yao hayapo popote.

Kisha nenda Usangu. Wahehe wa Munyigumba, baba yake Mkwawa, na baadaye wa Mkwawa mwenyewe, waliwapiga Wasangu wa Merere hata wakaiacha Utengule yao, wakakimbilia Usafwa, karibu na Mbeya ya leo. Huko wakajenga boma jipya, nalo wakaliita Utengule. Hadi leo Utengule ziko mbili, na kati yake kuna safari ndefu ya watu waliobeba jina la kwao mgongoni kwa sababu hawakuweza kuibeba ardhi. Wadachi walipofika, Merere aliungana nao dhidi ya Mkwawa, na baadaye Wasangu wakarudi kwenye Utengule ya kwanza. Ukiisoma historia kwa kipimo cha shujaa na msaliti, Merere ni msaliti, na hivyo ndivyo wengi wetu tulivyojengewa kufikiri. Ukiisoma ukiwa umesimama Utengule ya pili, Merere ni mtu aliyetaka kuwarudisha watu wake nyumbani. Vitabu tulivyosoma sisi havikutuuliza kamwe Wasangu walikimbilia wapi. Hata ndani ya Uhehe kwenyewe ipo Ilundamatwe, mahali ambapo watu wa Mkwawa na wa Mwambambe walipigania urithi wa Munyigumba, na jina lake linasema kuwa hapo vichwa vilirundikwa. Ardhi imehifadhi kumbukumbu ambayo vitabu vimeiruka.

Kwa Tippu Tip jambo linatugusa zaidi sisi tunaosema Kiswahili, kwa sababu lugha hii ninayoandikia ilifika Nyangwe na Kasongo, mashariki ya Kongo, kwa misafara yake na ya wenzake. Hamed bin Muhammed el Murjebi alizaliwa Unguja. Mwaka 1867 alimpiga Nsama wa Itabwa, kusini-magharibi ya Ziwa Tanganyika, akabeba pembe zake, kisha akajikatia utawala Maniema. Mwaka 1887 alikubali kuwa gavana wa Leopold pale Stanley Falls kwa mshahara wa kila mwezi, kwa hiyo aliyedai kupambana na wauza watumwa na aliyekuwa tajiri kwa biashara hiyo walikula sahani moja. Alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, yakachapishwa mwanzoni mwa karne ya 20, na Kiswahili chake ni kitamu, kinaenda kama mazungumzo ya barazani. Hapo ndipo hatari ilipo. Msomaji anachukuliwa na ucheshi wa bwana mkubwa, anahesabu naye frasila za pembe, na ukurasa unageuka kabla hajauliza ni nani waliozibeba pembe hizo hadi pwani na wangapi walifika.

Wapo wanaosema kwamba bila Tippu Tip Kiswahili kisingesemwa Kisangani leo, na kwa hiyo tuna deni kwake. Hili ni kosa la kufikiri ambalo tunalifanya mara nyingi. Zao la dhuluma linaweza kuwa zuri bila dhuluma kuwa nzuri. Kiswahili cha Kongo ni mali ya watu waliokipokea katika mateso wakakigeuza kuwa lugha ya soko, ya kanisa, ya nyimbo na ya kubembelezea watoto. Kama kuna deni, tunawawia hao. Mtoto aliyezaliwa kwa mama kubakwa hupendwa kwa moyo wote, na upendo huo haumpatii baba yake heshima yoyote.

Imebaki hoja dhaifu kuliko zote, nayo ndiyo inayosikika zaidi: kwamba watu hawa walikuwa wa zama zao, na hatuwezi kuwapima kwa mizani ya leo. Kwanza, wanaoisema hawaifuati. Kama mizani ya leo hairuhusiwi kulaumu, basi mizani hiyohiyo hairuhusiwi kusifu, na mtu angepaswa kunyamaza kuhusu Mirambo, Shaka na Napoleon vilevile. Pili, zama zenyewe hazikunyamaza. Bebel alikuwa mtu wa 1896. Waliotunga jina la Mkono wa Damu walimwona Peters kwa macho yao. Tippu Tip mwenyewe alieleza kwamba jina lake lilitokana na mlio wa bunduki zake katika masikio ya waliokuwa wakipigwa. Damu, maiti, mlio wa bunduki: waliokuwapo waliyajua waliyokuwa wakiyaona na wakayapa majina, na hakuna hata jina moja kati ya hayo linalosema "mjenzi" au "mkombozi". Tatu, na hili kwangu ndilo linaloifunga hoja, wanapotaja watu wa zama zile huwa wanamaanisha walioshika bunduki peke yao. Tarehe 15 Julai 1871, kwenye soko la Nyangwe, watu wa wafanyabiashara waliwafyatulia risasi wanawake waliokuja kuuza vyakula, na mamia wakafa, wengi kwa kujitupa katika mto Lualaba. David Livingstone alikuwapo akaandika. Wanawake wale nao walikuwa watu wa zama zao. Hakuna anayewauliza mizani yao ilikuwa ipi.

Ninarudi kwa Mangungo, maana yeye ndiye sababu iliyonifanya niandike. Katika siasa za Tanzania jina lake limekuwa tusi. Mkataba ukionekana mbovu, watu husema ni mkataba wa Mangungo. Mwaka 2023, wakati wa mjadala wa mkataba wa bandari, jina hilo lilisikika kila mahali. Maana yake inajulikana: mzee mjinga aliyeiuza nchi kwa shanga na nguo. Hebu tumtazame upya. Alikuwa mkuu wa eneo dogo katika nchi ambayo Wahehe waliivamia na misafara yenye bunduki iliipita. Alijiwa na wageni wenye silaha waliosema wanataka urafiki. Karatasi iliandikwa kwa lugha asiyoijua, ikafasiriwa na mkalimani wa mgeni, na ndani yake yakatiwa maneno ambayo ni vigumu kuamini kwamba aliyasema. Hata katika nchi yake alikuwa hana mamlaka ya kuigawa ardhi kwa namna Peters alivyoandika, kwa sababu ardhi haikuwa bidhaa ya mtu mmoja kuiuza. Mtu huyu alitapeliwa. Miaka 140 baadaye, wajukuu wa nchi iliyotapeliwa tunamcheka yeye, na ujanja wa aliyemtapeli tunauita akili ya kizungu.

Siamini kwamba kumcheka Mangungo na kumsifu Mirambo ni mambo mawili tofauti. Ni mazoea yale yale ya kuiangalia dunia kutoka juu ya farasi wa mshindi. Mwenye mazoea hayo akisikia kijiji kimechomwa, swali lake la kwanza ni kwa nini wanakijiji hawakujilinda. Akisikia mtu ametapeliwa, anauliza kwa nini alikuwa mjinga. Methali yetu husema mwenye nguvu mpishe. Ni ushauri wa kujiokoa, wala haikusema msifu. Na sisi tumewahi kuvuka kutoka kupisha hadi kusifu kwa haraka ya kutisha: mashairi ya Kiswahili ya kuutukuza utawala wa Wadachi yalitungwa hapa pwani na kuchapishwa Berlin, na miongoni mwa walioyatunga walikuwamo watu walioviona vita vya Abushiri. Sanamu ya Wissmann, mtu aliyeviongoza vita hivyo hadi Abushiri bin Salim akanyongwa Pangani mwezi Desemba 1889, ilisimamishwa Dar es Salaam mwaka 1909. Waingereza waliing'oa, ikasimamishwa tena mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg mwaka 1922, hadi wanafunzi walipoiangusha mwaka 1967, na tena 1968. Wanafunzi wale hawakuwa wamezaliwa Pangani. Walikataa tu kupita kila asubuhi chini ya mtu aliyetukuzwa kwa kunyonga watu wengine.

Athari zake haziishii kwenye historia. Taifa linalojifunza kupenda ubabe wa jana hukosa maneno ya kuukataa ubabe wa leo. Kiongozi akiwa mkali kwa wanyonge, husikika sauti zikisema nchi hii inahitaji mtu kama huyo. Bomoabomoa ikipita, husikika sauti zikisema waliambiwa wahame. Sauti hizo nyingi ni za watu ambao, wakihesabu vizuri, wangejikuta upande wa kijiji kilichochomwa. Wengi wetu si wajukuu wa Mirambo. Ni wajukuu wa waliomkimbia, wa waliochukuliwa na rugaruga, wa wapagazi waliofika pwani na wakabaki.

Sipendekezi Mtaa wa Mirambo ubadilishwe jina, wala Lugalo. Majina hayo yalitolewa na taifa lililokuwa linajibu dharau ya wakoloni, na nia hiyo bado ina uzito, tofauti kabisa na nia ya 1939. Wafaransa, walipotimiza miaka 200 tangu Napoleon afe, mwezi Mei 2021, walimsikia Rais Macron akisema wanamkumbuka bila kumtukuza, kwa kuwa ndiye aliyeurudisha utumwa katika makoloni mwaka 1802. Ni njia ngumu, lakini inawezekana. Kwetu ingemaanisha kwamba Kalenga pawe na habari za Utengule zote mbili, na kwamba mgeni anayepigwa picha Shangani aambiwe Nyangwe iko wapi. Zaidi ya hapo ingemaanisha kazi darasani. Mtaala wa mwaka 2023 umetuletea somo linaloitwa Historia ya Tanzania na Maadili. Waliounganisha maneno hayo mawili wamejitwisha mzigo mkubwa, kwa sababu historia ikifundishwa kama orodha ya washindi, maadili yatakayotoka humo yatakuwa ya kuwaogopa wakubwa na kuwacheka wadogo. Mwalimu akifika kwa Mirambo, awaulize watoto jina hilo lina maana gani na nani walilisikia likija. Akifika kwa Mkwawa, awape Lugalo na awape Usangu katika kipindi kimoja. Na akifika Msovero, kabla darasa halijacheka, aulize karatasi ile iliandikwa kwa lugha gani, nani alitafsiri, na waliokuja nayo walikuwa wameshika nini mkononi.